Kesi ya Dereva Aliyenuka Kakao

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kofia iliyonizidi kichwa. Ilikuwa Njombe, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, na mimi mtoto wa Kondoa nilikuwa sijawahi kuvaa sweta mbili kwa pamoja. Nilitoka chuo cha polisi na cheti changu cha uendeshaji mashtaka, nikaripoti kwa mkubwa wangu, Inspekta mmoja mfupi aliyewaongoza waendesha mashtaka wa pale. Aliitazama kofia kwanza, kisha uso, halafu akanisukumia jalada.

"Dereva wa lori la mbao. Amelewa, amegonga ng'ombe. Saa tatu uko mbele ya hakimu. Kusoma unajua?"

"Najua, afande."

"Basi kasome."

Nyie mliozaliwa juzi mnaona mawakili wa Serikali wamesimama mahakamani na majoho yao, mnadhani ilikuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Zamani zetu, katika mahakama za wilaya, Jamhuri ilisimamiwa na polisi. Tulivaa sare, tukabeba majalada kwapani, na watu walituita PP, kifupi cha 'public prosecutor'. Mke wangu aliitwa Mama PP mpaka sokoni, na hakupenda hata siku moja.

Dereva yule wa mbao alijitetea kwamba hakunywa pombe bali dawa ya kikohozi, chupa tatu, kwa sababu kifua kilimbana. Nilicheka kwa sauti mle mahakamani. Alitiwa hatiani, nikarudi ofisini nimevimba kifua kuliko yeye. Inspekta alikuwa ameshasikia.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, afande."

"Na umecheka. Sikiliza. Mshtakiwa akijitetea kwa jambo la kipuuzi, liandike, halafu nenda ukalitazame. Siku utakayocheka kabla hujaenda kutazama, utamfunga mtu bure."

Nikaitikia "Ndiyo, afande" kama mtu anavyomwitikia mkubwa, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshasahau.

Kutoka Njombe nilihamishiwa Tukuyu, na hapo ndipo nilipozijua vizuri kesi za walevi wa barabarani. Mvua ilinyesha karibu kila siku, barabara zilikuwa telezi, na Mkuu wa Kituo alikuwa mpenda maua aliyewaadhibu askari wakorofi kwa kuwapalilisha bustani. Hatukuwa na vile vidude vya kupuliza mlivyo navyo leo. Tulikuwa na chaki. Koplo wa trafiki alichora mstari kwenye sakafu ya baraza, akamwambia mtuhumiwa autembee, ageuke, afumbe macho, aguse ncha ya pua. Halafu alimnusa. Akishamnusa, alimpeleka hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ambayo watu hudhani ni ya majeruhi tu, kumbe hata mlevi huandikiwa. Tabibu naye alimnusa, akaandika. Damu ingeweza kupimwa, lakini ilibidi isafirishwe mbali, na majibu yangerudi mshtakiwa ameshapata wajukuu. Kwa hiyo ushahidi wetu wote ulikuwa pua na miguu.

Madereva walilijua hilo. Kulikuwa na mmoja aliyesema hakuwa anaendesha, amelala tu kwenye usukani, gari limezimwa, na ikabidi nilete shahidi wa kusema aliliona likitembea, maana sheria inataka tuthibitishe kwamba gari liliendeshwa na ni yeye aliyeliendesha. Mwingine alisema kweli amekunywa, lakini baada ya ajali, kutuliza moyo kwa kile kilichompata. Huo ni utetezi mgumu kuliko unavyosikika. Usipokuwa na mtu aliyemwona dakika ileile ya ajali, umekwama. Wengine walitupia lawama breki, tukamwita mkaguzi wa magari aje na ripoti yake. Na wapo waliouliza kwa adabu kabisa kama koplo aliyewanusa hakuwa yeye mwenyewe ametoka kilabuni. Swali hilo la mwisho lilimshika koplo wetu pabaya.

Kitu nilichokiweka kichwani toka Tukuyu ni kwamba mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kuwa hakulewa. Mzigo ni wa Jamhuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yeye akitia shaka moja yenye maana, anakwenda nyumbani. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini kulijua ni jambo moja na kulikumbuka ukiwa unashinda ni jambo lingine.

Kyela nilipelekwa wakati soko huria limeanza kuchangamka. Kabla ya hapo kakao ilinunuliwa na ushirika peke yake. Mkulima alipeleka, akasubiri. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na pikapu yake. Wakainunua kakao ikiwa mbichi, imetoka tu kwenye ganda, ina ute wake mweupe, wakaenda kuivundika wenyewe. Kasumulu, mpakani, malori yalipanga foleni kuvuka kwenda Malawi. Mji ukajaa magari, na madereva walioujua usukani wiki mbili zilizopita. Jamani, niliipenda Kyela ile. Asubuhi ukiamka unasikia harufu ya mpunga na udongo uliolowa, unanunua ndizi hujauliza bei, na kila unayepishana naye anakusalimu kama mmeoleana. Joto lake lilinikondesha, lakini niliipenda.

Mkubwa wangu wa pale kituoni alikuwa mtu wa amri fupi. Ajali zilipozidi, alituita wote. "Kesi za walevi hazifutwi. Nimemaliza." Na akawa amemaliza kweli, akatoka.

Ndipo likaja jalada la Ambokile.

Ambokile alikuwa dereva wa mnunuzi mmoja wa kakao, mtu wa miaka kama thelathini, mrefu, mpole, mwenye leseni aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Hakuwa na shamba. Baba yake alifariki, mashamba yakaenda kwa ndugu wakubwa, yeye akabaki na leseni ile. Mchana mmoja alikuwa anatoka Makwale amebeba kakao mbichi. Alipofika Mbugani, mwanzo wa mji, gari likayumba, likaigonga pikapu iliyoegeshwa mbele ya duka. Taa moja ilivunjika na bati likabonyea. Hakuna aliyeumia. Lakini koplo wa trafiki alipofungua mlango, harufu ya pombe ilimpiga usoni, na macho ya dereva yalikuwa mekundu. Nikaandika hati ya mashtaka yenye makosa mawili: kuendesha gari akiwa amelewa, na kuendesha bila uangalifu. Kwa kosa la kwanza angeweza kufungwa, na leseni ingefutwa.

Mawakili walikuwa Mbeya, na Ambokile hakuwa na wa kumleta. Alijitetea mwenyewe.

Shahidi wangu wa kwanza alikuwa mwenye pikapu, Mzee Shebe, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Mheshimiwa, mimi pombe kwa ulimi siijui, lakini kwa pua naijua vizuri. Bwana huyu alinuka kama pipa la kimpumu."

Kimpumu ni pombe ya ulezi ya huku kwetu, na mahakama nzima ilicheka kumsikia Mzee Shebe akiitaja kwa jina.

Wa pili alikuwa Mzee Lugano, mkulima wa Makwale, mzee wa kanisa, mtu ambaye neno lake pale lilikuwa na uzito kuliko kiapo. Siku ile alikuwa anatoka mjini, anarudi nyumbani kwa miguu. "Gari lilikuja mbele yangu," alisema. "Ghafla likayumba kulia, likayumba kushoto, likaenda kugonga. Mtu mwenye akili zake hayumbi namna ile."

Hakimu akamgeukia mshtakiwa. "Una swali kwa shahidi?"

Ambokile alitazama chini. "Sina swali kwa tata," akasema, yaani baba.

Nikaandika: hana swali. Moyoni nikasema, huyu ameisha.

Koplo akaja na habari zake za chaki, ambazo kwa kweli zilikuwa dhaifu, kwa sababu Ambokile aliutembea mstari vizuri. Halafu akaja tabibu na PF3. Hapo Ambokile aliuliza swali lake moja tu la siku ile.

"Daktari, ulininusa mdomo au ulininusa shati?"

Tabibu alifikiri. "Nilikunusa wewe."

Watu walicheka tena, na mimi nilicheka nao. Hakimu hakucheka. Aliona Jamhuri imeleta ushahidi wa kutosha kumtaka mshtakiwa ajibu, akatamka kwamba ana kesi ya kujibu. Ambokile akaapa, akaanza kueleza.

"Mheshimiwa, sijanywa. Siku ile nilikuwa nabeba magunia ya kakao mgongoni tangu alfajiri. Ilikuwa imelala siku mbili. Kakao ikilala inatoa maji, na maji yale yananuka pombe. Yalinilowesha mpaka suruali."

"Na kuyumba?" nikamuuliza, nikiwa nimeshasimama. "Nako kuliyumbishwa na kakao?"

"Kulikuwa na mtu kwenye gari. Alishtuka, akaangukia gia na magoti yangu."

"Mtu gani?"

"Sitamtaja, afande."

"Anaishi wapi?"

"Makwale."

"Yu hai?" nikauliza, na mahakama ikaangua kicheko, na mimi nikaona raha. "Basi kwa nini hukumleta?"

Ambokile alitazama benchi la mashahidi, pale alipokaa Mzee Lugano kusikiliza mwisho wa kesi. Akarudisha macho chini. "Hawezi kuingia humu."

Nikamwambia hakimu kwamba mtu asiyetajika na asiyeweza kuingia mahakamani ni mtu ambaye hayupo. Sentensi ile niliipenda sana. Niliirudia jioni yake kwa mke wangu, na sasa natamani nisingeisema kamwe.

Hakimu aliahirisha kesi wiki mbili kwa ajili ya hukumu. Alipokuwa anafunga daftari lake alinitazama juu ya miwani.

"PP, umewahi kunusa kakao inayovundikwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Hata mimi," akasema, akanyanyuka.

Maneno mawili yale yalinisumbua kuliko ningependa kukiri. Nilimkumbuka Inspekta wa Njombe na kofia yangu. Siku kumi na moja nilijifanya nina kazi nyingi. Siku tatu kabla ya hukumu nilikuwa na hati za wito za kupeleka Makwale kwa kesi nyingine, nikamwambia koplo yuleyule wa trafiki, ambaye ni Mnyakyusa wa hukohuko, atupeleke na Landrova ya kituo, na tukifika tupite kwenye banda la kakao.

Mama mmoja msimamizi alitupokea. "Mugonile," akatusalimu, nami nikaitikia kwa Kinyakyusa changu cha Kondoa ambacho kilimchekesha kila mtu. Alifunua majani ya migomba juu ya sanduku la mbao. Mvuke ukatoka. Mwanzo niliisikia harufu tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi, halafu ikanijia pombe, pombe kabisa, ya kufumbisha macho. Aliniambia nishike koleo nisaidie kugeuza. Niligeuza sanduku moja tu. Maji yake yakanirukia kifuani na mikononi.

"Afande," koplo akasema polepole, "unanuka."

"Wewe unatoka hapa. Hukuijua harufu hii?"

Alijikuna shingo. "Naijua, afande. Lakini ukiwa barabarani na dereva amegonga, hufikirii kakao. Unafikiria kilabu."

Kwa hiyo la kwanza lilikuwa limejibika. La pili lilijijibu tukiwa njiani kurudi. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anatembea na mkungu wa ndizi kichwani, hana haraka. Mara akautupa mkungu chini, akajitosa kwenye vichaka vya kakao kama aliyeona nyoka. Nikamwambia koplo asimame. Kwenye kona akatokea mzee mmoja na baiskeli, anaisukuma, anakohoa kwa nguvu, uso ameugeuzia upande wa pili. Akapita. Mama akatoka, akajipangusa, akajitwika mkungu wake.

"Yule ana nini?"

"Hana kitu, afande. Ni baba mkwe wake yule. Kwetu mke hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hata jina lake halitaji. Akimwona anatoka njiani. Mzee naye anajikohoza ili asikike. Vijana wa mjini wameanza kuacha, lakini huku Makwale bado."

Halafu nikauliza, nikijua tayari jibu litaniumiza.

"Na kama angekuwa ndani ya gari?"

Koplo alizima injini. Alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele. "Angeshuka chini ya kiti," alisema. "Angejitupa hata kwenye miguu ya dereva." Akanigeukia. "Mzee Lugano ana mtoto wa kiume mmoja tu, afande. Ameoa."

Tuligeuza gari.

Mke wa mwanawe alikuwa anaitwa Sekela. Tulimkuta uani anapeta mpunga, na alipoona sare aliuweka ungo chini akalia kabla hatujasema lolote. Mume wake alikuwa mgonjwa siku ile, naye Sekela akaomba lifti kwa Ambokile aende kumchukulia dawa mjini. Walipofika Mbugani akamwona.

"Nilimwona yule baba, afande. Yuko mbele, kwenye njia. Nikashuka chini, kichwa kikagonga gia. Gari lilipogonga nikatoka kwa mlango wa upande wa migomba, nikakimbia. Hakuna aliyeniona. Tangu siku ile silali."

"Kwa nini hukuja mahakamani, mama?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakupita ukutani. "Nitaingiaje, afande, na yeye amekaa mle?"

Niliona aibu, na naisema aibu hiyo waziwazi. Bwana yule alikuwa tayari kupoteza leseni, labda kwenda jela, kuliko kumtaja mke wa mtu mbele ya baba mkwe wake, na mimi niliichekesha nayo mahakama nzima.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni. Alinusa mara moja, akarudi nyuma hatua mbili. "Baba Neema," akasema, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuonja hata togwa iliyochacha, "umeanza lini?" Nilimsimulia kila kitu. Aliniamini, lakini ilichukua muda. Shati nililivua nikalifunga kwenye nailoni, nikamkataza kulifua.

Kesho yake nilikwenda kwa mkubwa wangu kuomba kesi iondolewe.

"Nilisema nini kuhusu kesi za walevi?"

"Hazifutwi, afande. Lakini huyu hakulewa."

"Hilo aamue hakimu. Wewe unalipwa kushtaki au kutetea?"

Nilitaka kumjibu kwamba Jamhuri haina faida ya kumfunga mtu asiye na kosa. Nilisema tu, "Basi nitaomba hakimu aamue baada ya kusikia yote." Akarudi kwenye karatasi zake. Hakunikataza.

Siku ya hukumu mahakama ilijaa. Kabla hakimu hajafungua mdomo nilisimama nikaomba mahakama imwite shahidi mmoja. Sheria inaruhusu: wakati wowote kabla ya hukumu, hakimu anaweza kumwita mtu yeyote ambaye ushahidi wake unahitajika ili haki itendeke. Lakini huwa ni upande wa utetezi unaoomba jambo kama hilo.

"Unaomba wewe, PP?"

"Naomba mimi, mheshimiwa."

Ambokile alielewa mara moja. Alinyoosha mkono kama mtoto darasani. "Mheshimiwa, usimwite. Nihukumu tu."

Nikaenda kwenye benchi, nikainama kwa Mzee Lugano, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba anatakiwa shahidi wa nyumbani kwake, kwa hiyo namwomba akae nje kidogo.

"Wa nyumbani kwangu? Upande gani?"

"Wa kwa mwanao, mzee."

Alinitazama, akamtazama Ambokile, na niliona kila kitu kikimfikia kimoja kimoja. Akaokota kofia yake. Alitembea mpaka mlangoni, pale akageuka, akamwelekea hakimu.

"Mheshimiwa, niliapa kusema kweli, na nimebakiza kipande. Gari lile lilikuja vizuri, halina shida yoyote, mpaka liliponifikia mimi."

Akatoka.

Koplo alimpitisha Sekela mlango wa nyuma, amejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Alieleza yote. Nilipomuuliza alimwona nani barabarani, alikivuta kitenge kikamfunika macho, na hakimu akaniambia, "PP, hilo swali liache." Nikaliacha.

Lililofuata halikuandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, maana sheria ya ushahidi ingetukemea wote. Mimi ndiye ninayeliandika leo. Nilitoa nailoni yangu, hakimu akalinusa shati, akakunja uso, akaliagiza lipelekwe kwa tabibu.

"Daktari, hiyo ni nini?"

Tabibu alinusa. "Pombe, mheshimiwa. Nyingi."

"Ni shati la PP," hakimu akasema. Mzee Shebe, ambaye alinijua kama mtu asiyekunywa, alishika kichwa. Siku ile walicheka mpaka makarani.

Kosa la kwanza hakimu alimwachia huru. La pili alimtia hatiani, kwa sababu dereva anawajibika kwa kila aliyempakia, akamwachia kwa onyo. Leseni ilikuwa kielelezo mezani. Hakimu aliichukua yeye mwenyewe, akanyoosha mkono juu ya meza akampa. Ambokile aliirudisha kwenye nailoni zake mbili, akashukuru, "Ndaga fijo," kisha akamgeukia Mzee Shebe akaomba radhi kwa taa. Mimi nilimwomba yeye radhi pale nje. Alisema, "Afande, hata mimi ningecheka." Sikuamini, lakini nilishukuru.

Haikupita muda nikahamishiwa Kasumulu, dawati la mpakani, kukagua karatasi za malori. Mkubwa wangu alisema ni uhamisho wa kawaida, na huenda ulikuwa. Baadaye Mbeya, baadaye tena Njombe, nikiwa sasa mimi ndiye Inspekta ninayewasukumia majalada wenye kofia kubwa. Nilipostaafu watoto walidhani nitarudi Kondoa. Nilirudi Kyela. Nina miti yangu michache ya kakao nyuma ya nyumba, naivundika mwenyewe, na wageni wakija hunong'onezana kwamba mzee anapika pombe.

Askari vijana hunitembelea na kile kidude chao cha kupuliza. Huniuliza katika miaka yangu yote nilikutana na utetezi gani uliokuwa na nguvu kuliko mwingine. Wanataka niwatajie kifungu cha sheria. Mimi huwasimulia nilichokiona siku ile nje ya mahakama, baada ya watu kutawanyika.

Mzee Lugano alikuwa bado amesimama nyuma ya jengo, ameupa ukuta mgongo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

"Amemaliza?" aliniuliza.

"Amemaliza, mzee. Dereva ameachiwa."

"Na yeye, wa kwa mwanangu, ameshika njia gani?"

"Barabara kubwa. Anarudi kwa miguu."

Alitikisa kichwa polepole, akaanza kuvua viatu.

"Mzee, huko ni majarubani. Maji ya mpunga yanafika magotini. Subiri kidogo, atakuwa ameshafika mbali, halafu upite barabarani."

"Miaka sita," alisema, "kila nikipita, yeye ndiye anayeingia kwenye matope."

Akakunja suruali, akashika viatu mkono mmoja na kofia mkono mwingine, akaingia kwenye maji. Nilisimama pale mpaka nisimwone tena. Kule barabarani kitenge cha Sekela kilikuwa kinakwenda taratibu, katikati kabisa ya njia.